Sauti ya Monicah

Kwa miaka mitatu Syprose Ayoo aliishi kwa jina la marehemu dada yake, na ndani ya miaka hiyo mitatu ndipo alipofanya jambo moja maishani ambalo angeweza kulionyesha watu kwa kidole na kusema, hili ni langu. Aliimba wimbo. Sisemi kwaya ya kanisa, wala zile nyimbo za kusukuma siku shambani. Aliimba Nakuru, ndani ya chumba kilichotundikwa magunia ukutani, mbele ya kipaza sauti, na santuri ikatoka. Kwenye santuri hiyo hapakuandikwa Syprose. Paliandikwa Monicah.

Jambo hili linataka kuelezwa polepole, maana mtu asiyejua maisha ya kambi za majani chai atasema hawa walikuwa walaghai. Walaghai wako, tena wanene, lakini si hawa.

Monicah alimzidi Syprose miaka minne. Ndiye aliyetangulia kutoka kwao ziwani, akafika Kericho, akaandikwa kazi ya kuchuma majani, akapewa kadi yenye jina na namba, na chumba kimoja kambini. Syprose alimfuata akiwa na miaka kumi na saba, hana kitambulisho, hana kadi. Watu wa aina yake walikuwa wengi mashambani siku hizo na waliitwa wasaidizi. Msaidizi alichuma kutwa nzima, kisha majani yake yakamwagwa pamoja na ya mwenye kadi, yakapimwa kwa jina la mwenye kadi. Kampuni ilijua na haikujua. Ilimradi kilo zimetimia, nani alikuwa na haja ya kuuliza ni vidole vya nani vilivyochuma?

Mwanzoni Syprose alikuwa mzito wa mikono. Wenzake walifika mwisho wa mstari naye bado yuko katikati, nguo imelowa umande hadi kifuani, analia kimyakimya kwa baridi. Monicah akimaliza wake alikwenda kusimama kwenye kibanda cha mizani, akamngoja. Wengine walipima wakaondoka. Mvua ya saa nane ilimkuta pale pale, na mvua ya Kericho haimwonei mtu haya. Nyapara alimfokea, naye akamjibu kwa adabu kwamba mdogo wake yuko njiani. Kila siku ya Mungu, mwaka na nusu mzima.

Mwezi wa nne mwaka wa 1983 Monicah alichukua likizo, akampeleka mtoto wake nyumbani aonwe na bibi. Mtoto aliitwa Maxine na alikuwa na miezi mitano. Babake alikuwa dereva wa lori aliyeahidi kurudi baada ya wiki mbili, na mpaka leo hizo wiki mbili hazijaisha. Huko nyumbani homa ilimshika Monicah siku ya Jumapili. Alhamisi alikuwa amekata roho.

Matanga yalipokwisha, mama yao alikaa na kile kitoto mapajani akamwambia Syprose arudi kazini, kwa sababu mtoto anataka maziwa.

"Kazi gani, mama? Kadi ni ya Monicah."

"Basi rudi ukiwa Monicah."

Ndivyo ilivyokuwa, hapakuwa na ujanja zaidi ya huo. Nyapara wa shamba, Gekara, mzee mmoja Mkisii mwenye kofia ya sufu, aliitazama kadi, akamtazama msichana, akavuta pumzi. "Mimi nahesabu kilo," alisema. "Sura sihesabu." Wiki iliyofuata alimhamisha hadi Kambi Namba Tisa, upande wa pili wa mto, ambako hakuna aliyewahi kumwona Monicah halisi. Huko Syprose akawa Monicah kwenye orodha ya asubuhi, Monicah bombani, Monicah zahanati. Usiku wa kwanza aliitwa mara tatu na jirani kabla ya kukumbuka kuitika.

Namba Tisa walikuwa na bendi. Karani mmoja aitwaye Gordon alikuwa na gitaa, na alikuwa na santuri za Wamarekani weusi alizoletewa na kaka yake, muziki ule wa taratibu unaoitwa rhythm and blues, ambao mwimbaji huomba kama mtu aliyepiga magoti. Gordon aliupenda kupita kiasi. Alitaka bendi ya kambi ipige hivyo hivyo kwa Kiswahili, na wazee wa kambi waliotaka muziki wa benga walimwona ameharibika. Mpiga ngoma alikuwa Bethwel Kiptanui, kijana Mkipsigis wa Litein aliyefanya kazi kiwandani, mwenye haya kiasi kwamba alipiga ngoma akiangalia viatu vyake.

Siku moja Gordon alimkuta Syprose bombani akiimba peke yake huku ndoo inajaa.

"Huo wimbo ni wa nani?"

"Si wa mtu. Ninausema tu."

"Hebu useme tena."

Akausema. *Ningoje mizani, usiende kwanza, kikapu changu bado hakijajaa.* Gordon alidhani ni wimbo wa mapenzi, na kila aliyeusikia baadaye alidhani hivyo hivyo, kwamba msichana anamwomba mpenzi wake amsubiri. Syprose hakuwasahihisha. Angeanzaje kueleza kwamba anamwomba dada yake asubiri, na dada huyo kwa hesabu ya kambi ndiye yeye mwenyewe, yuko hai na anachota maji?

Waliurekodi mwaka wa 1984, mwaka ule wa ukame, watu walipokula unga wa mahindi ya njano. Meneja alitoa ruhusa ya siku mbili na barua yenye majina ya wafanyakazi watano kama yalivyo kwenye kadi. Fundi wa studio aliyanakili kutoka kwenye barua. Mwisho wa ubeti wa pili sauti ya Syprose ilipasuka, akalia, akaomba warudie. Gordon akakataa katakata. Alisema hapo ndipo wimbo ulipo.

Kwa miezi michache "Ningoje Mizani" ulipigwa redioni na katika baa za Kericho na Litein. Mara moja Syprose alipita mlangoni pa duka la santuri akajisikia mwenyewe, akasimama barabarani na mzigo kichwani, akacheka peke yake mpaka watu wakamgeukia. Furaha ile hakuipata tena, hata siku ya harusi yake. Kisha muziki ukabadilika, wimbo ukasahaulika, Bethwel akarudi kwao kulima chai ya babake, na Gordon akafa kwa ajali ya trekta.

Mwaka wa 1986 kampuni iliamua kupiga picha wafanyakazi wote upya. Gekara aliogopa. Akaandika kwamba Monicah Ayoo ameacha kazi, na siku chache baadaye akaandikisha mtu mpya, Syprose Ayoo, katika kambi ya mbali. Hivyo akarudishiwa jina lake, na wimbo ukabaki kwenye jina la Monicah.

Yaliyobaki ni maisha ya kawaida, na ya kawaida si lazima yawe mazuri. Alichuma chai miaka arobaini. Aliolewa na Opondo, mwanamume mpole aliyependa pombe ya chang'aa kuliko kula, akamzika. Hakujaliwa mtoto. Kila mwezi alituma chochote alichokuwa nacho kwa ajili ya Maxine, aliyelelewa na bibi yake kule ziwani na kumwona mama yake mdogo Krismasi hadi Krismasi. Halafu mashine za kuchuma majani zikaja, zile zinazobebwa na watu wawili zikipiga kelele juu ya michai kama pikipiki iliyoharibika, na Syprose akapewa barua na blanketi. Ndiyo, blanketi. Kampuni ilidhani atasikia baridi.

Mwaka uliofuata shingo yake ikavimba. Ilikuwa tezi. Daktari alimweleza mapema, bila kumficha, kwamba mshipa wa sauti uko karibu sana na kisu, na huenda akaamka bila sauti. Aliamka na sauti, lakini ya aina gani! Mkwaruzo mtupu, kama mtu anayeburuta sanduku sakafuni. Alipojaribu kuimba kanisani mtoto wa kiti cha mbele aligeuka kumtazama. Hakujaribu tena.

Ndipo Maxine alipomchukua. Maxine alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa nakala mjini Kericho, na nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mchapakazi, mkali kwa wateja wasio na subira, na mwenye pengo moja ambalo Syprose alilijua vizuri: hakuwa na chochote cha mama yake. Hakuna picha. Hakuna nguo, kwa sababu ziligawanywa kwa shangazi baada ya matanga. Alipokuwa msichana aliwahi kumuuliza Syprose mama yake alinukiaje, na Syprose akasema majani chai.

Sasa basi. Vijana wa Nairobi walitengeneza filamu. Mmoja wao aliipata santuri ya zamani kwenye mafungu ya vitu vya mitumba, akaipenda, wakaiweka kwenye filamu yao, mahali ambapo msichana anaondoka nyumbani na mamake anabaki mlangoni. Filamu ikapendwa, na wimbo ukapendwa kuliko filamu. Watoto ambao hawajawahi kushika jani la chai wakaanza kuucheza kwenye simu zao wakijifanya wanalia. "Ningoje Mizani" ukarudi duniani baada ya miaka arobaini, kana kwamba ulikuwa umekaa chumba cha pili tu.

Syprose hakujua lolote mpaka Jumapili moja mchana Maxine alipoingia jikoni na simu mkononi, uso umelowa.

"Mama mdogo, kaa chini."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Kaa. Sikiza hii."

Gitaa la Gordon likaanza. Mwiko ukamponyoka Syprose ukaanguka kwenye sufuria ya mboga. Kisha sauti ikaingia, changa, safi, haijui lolote linalokuja. Alishika ukingo wa meza. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kukimbia nje awaambie majirani, yule muuza mitumba na mwenye nyumba na kila aliyewahi kuinamisha uso alipomsikia akiongea: mimi huyo! Alifungua mdomo.

"Ni mama," alisema Maxine. "Angalia, wameandika hapa mwisho. Sauti, Monicah Ayoo, Kericho. Ni mamangu, Mama mdogo. Sijawahi kumsikia tangu nizaliwe. Sauti yake ndio hiyo, si ndio? Ndio hiyo?"

Syprose aliufunga mdomo wake. Akachukua mwiko kutoka kwenye mboga, akaupangusa polepole na kanga.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Alijiambia atamweleza kesho, machozi yakikauka. Kesho ikafika, na Maxine alikuwa ameufanya wimbo kuwa mlio wa simu yake. Keshokutwa alikuwa amemweleza kila mteja dukani. Wiki ikaisha na Syprose akaona jambo lililomfunga miguu kabisa: Maxine alikuwa akicheka. Mkali yule, aliyezoea kunyamaza siku nzima, alifagia duka akiimba. Alisimama wima zaidi. Mtu akimuuliza ni binti wa nani alijibu haraka, kwa sauti.

Hata hivyo Syprose alijaribu. Nisimnyime haki yake, alijaribu kweli. Alhamisi moja walipokuwa wakichambua maharagwe alianza, "Maxine, nyathina, mwanangu, ule wimbo..."

"Hata mimi nilitaka kukuuliza," Maxine akamkatiza, na sauti yake haikuwa na utamu. "Kwa nini hukuniambia? Miaka yote. Ulijua mama alikuwa mwimbaji ukaninyamazia. Ningekuwa na kitu. Hata kama ni kitu kidogo, ningekuwa nacho."

"Nilisahau."

"Mtu husahauje kitu kama hicho?"

Maharagwe yakaendelea kuanguka kwenye bakuli. Baada ya muda Maxine alilegea, akauliza kwa upole, kama msichana yule wa zamani wa Krismasi. "Alikuwa anamwambia nani amngoje? Ni baba?"

"La."

"Nani basi?"

"Mimi," alisema Syprose. "Tulikuwa tunachuma pamoja. Ilikuwa lazima mmoja amngoje mwingine kwenye mizani."

Alikuwa ameigeuza kinyume, lakini ilikuwa karibu na ukweli kuliko alivyowahi kufika, na Maxine alilia tena. "Na pale mwisho wa ubeti wa pili, anapolia," alisema, "mimi najua alikuwa ananifikiria mimi. Nilikuwa mtoto mchanga." Syprose alisema inawezekana. Usiku huo hakulala. Alikuwa na hasira, tusijidanganye. Alimkasirikia Maxine, akamkasirikia Gekara na mama yake marehemu, na kwa mara ya kwanza maishani akamkasirikia Monicah, aliyekufa na kuchukua kila kitu.

Vijana wa filamu walipojua kwamba binti wa mwimbaji yuko Kericho, walifurahi ajabu. Walipanga kuonyesha filamu mjini Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja karibu na barabara kuu, na kuwaheshimu watu wa bendi. Kijana aliyesimamia mambo aliitwa Zack. Alikuwa na nywele zilizosukwa na adabu nyingi kuliko alivyoonekana. Alimsalimia Syprose kwa mikono miwili, kwa Sheng yao ya Nairobi.

"Mathe, wewe ni sistake Monicah? Noma sana. Tumesaka hii stori mwaka mzima. Na tumempata msee mmoja wa bendi bado ako. Drummer. Mzee Bethwel wa Litein. Atakuja leo."

Bethwel hakuwahi kumjua Syprose. Alimjua Monicah tu, na Monicah huyo alikuwa amesimama hapa kwenye mlango wa ukumbi, amevaa gauni la kanisani, na kovu shingoni. Alifikiria kusema anaumwa kichwa, arudi nyumbani. Kisha ndani yake kitu kikakataa. Aje, akasema moyoni. Aje aseme. Mtu mwingine akilisema si mimi niliyelisema. Alisimama pale pale mlangoni, na ukweli ni kwamba alijiweka mahali ambapo angeonekana.

Bethwel alifika karibu saa nane, mzee wa kanisa mwenye koti na fimbo, ameshikwa mkono na binti yake Chepkemoi. Haya yake ya ujana ilikuwa imemwisha. Alikuwa akisalimia watu kwa sauti, kwa salamu ya kwao, *chamge, chamge*, akimuuliza kila mtu hali ya ng'ombe kwa lafudhi nzito ya Kikipsigis. Alifika mlangoni. Akamwangalia Syprose mara moja tu. Fimbo ikamwanguka.

"Monicah," alisema. "Monicah! Ai, Mungu. Waliniampia umekufa!"

Alimshika mikono yote miwili. Machozi yalimtoka waziwazi, mzee mzima, mbele ya watu. Zack alinyanyua simu yake arekodi. Maxine aligeuka kutoka alikokuwa akipanga viti, akasimama.

Hapo ndipo nafasi yake ilipokuwa. Syprose hakuhitaji kutoa hata neno. Alihitaji kuitika tu, kama alivyoitika miaka mitatu bombani na kwenye orodha ya asubuhi. Alitamani kuitika kuliko alivyowahi kutamani chochote. Mikono ya Bethwel ilikuwa na joto, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amebaki ambaye angemtazama hivyo na kuona kwamba aliwahi kuwa na sauti.

Alimtazama Maxine. Uso wa Maxine ulikuwa umeanza kubadilika. Alikuwa hajaelewa, lakini alikuwa mbioni kuelewa, na rangi ilikuwa ikimtoka.

"Mzee umenifananisha," alisema Syprose kwa ule mkwaruzo wake. "Mimi ni mdogo wake. Naitwa Syprose."

"Hapana." Bethwel alitikisa kichwa, akitabasamu bado. "Mimi siwesi kukusahau. Tumepanda lori moja kwenda Nakuru. Ulikuwa unatapika njia yote! Wewe ntio Monicah."

"Tulifanana sana, mzee. Kila mtu alikuwa akikosea."

"Baba," Chepkemoi aliingilia kwa aibu, akimwomba Syprose radhi kwa macho. "Mumsamehe. Siku hizi anachanganya watu. Juzi ameita mtoto wangu jina la ndugu yake."

"Sijachanganya!" alisema Bethwel, na sasa tabasamu lilikuwa limekwisha. Lilikuwa jambo la kuumiza kutazama. Alikuwa mtu aliyekuja kutoka Litein na furaha mkononi, akanyang'anywa mlangoni. Alimsogelea Syprose uso kwa uso, akamtazama kovu, akamtazama macho. "Monicah alikufa lini?" aliuliza polepole.

Syprose alijua anachoulizwa. Angeweza kudanganya hapo pia. Lakini Maxine aliijua tarehe hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa, na tena Syprose alikuwa amechoka.

"Themanini na tatu. Mwezi wa nne. Huyu hapa ni binti yake. Alikuwa na miezi mitano."

Bethwel aliinamisha kichwa. Aliangalia viatu vyake. Midomo yake ilitembea kidogo, kama mtu anayehesabu mwaka wa unga wa njano, mwaka wa barua ya meneja, mwaka wa magunia ukutani. Kisha aliinua macho, hakumtazama Syprose, alimtazama Maxine, muda mrefu, vile alivyokuwa amesimama ameshikilia mgongo wa kiti. Na Syprose akaona wazi kwamba mzee ameelewa kila kitu.

"Pasi ni kweli," alisema Bethwel hatimaye. "Ni mimi nimechanganya. Uzee." Akaokota fimbo mwenyewe kabla binti yake hajainama. Akamrudia Syprose, akamshika tena mkono, safari hii kama mtu anavyoshikwa matangani. "Pole sana kwa kumpoteza Monicah. Alikuwa anaimpa. Hakuna mtu aliimpa kama yeye. Pole, mama."

"Asante," alisema Syprose. "Nimeshapoa."

Alipoitwa mbele, kabla ya filamu kuanza, Zack alimuuliza Bethwel walirekodi mwaka gani, kwa sababu hata wao hawakuwa na uhakika. Mzee huyo wa kanisa, ambaye naamini hakuwahi kudanganya tangu ubatizo wake, alikishika kipaza sauti akasema, "Themanini na mpili." Watu walipiga makofi. Maxine aliitwa naye, akapewa maua na santuri yenyewe ndani ya fremu ya kioo, akashukuru kwa niaba ya mama yake. Aliongea vizuri. Syprose alikaa safu ya tatu, akapiga makofi na wengine. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kuamuliwa na hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Hilo ndilo lililomsumbua, kwamba hapakuwa na mtu.

Taa zikazimwa, mapazia yakavutwa. Maxine alikuja kukaa karibu naye, santuri mapajani, akamshika mkono. Filamu ilikuwa nzuri, wanasema. Syprose hakuifuata. Alikuwa anangoja, na msichana wa kwenye filamu alipochukua begi lake na kutoka, gitaa la Gordon likajaza ukumbi, kubwa kuliko alivyowahi kulisikia, na nyuma yake ngoma ya Bethwel, taratibu, ya mtu mwenye haya.

Hakukusudia. Mwili ulikumbuka wenyewe mahali pa kuvuta pumzi. Sauti ya kwenye ukuta ilipoanza ubeti, mkwaruzo wa Syprose ulianza nao, chini kwa chini, neno kwa neno, haukukosea hata mahali pamoja. *Ningoje mizani, usiende kwanza.* Mtu wa mbele aligeuka.

Maxine aliuminya mkono wake, akainama, akamnong'oneza sikioni bila ukali wowote.

"Mama mdogo, tafadhali. Nyamaza kidogo nimsikie mama."

Syprose akanyamaza.